Barakoa, dirisha, taa au mashine: fedha ya kinga ya hewa iende wapi kwanza?

"Sista, fedha iliyopo inatosha kitu kimoja. Chagua."

Hivyo ndivyo mganga mfawidhi alivyofungua kikao chetu cha bajeti ya robo mwaka. Mezani kulikuwa na profoma nne, yaani karatasi za bei za wauzaji: katoni za N95 (barakoa zinazochuja hewa na kubana usoni), mashine ya kuchuja hewa, taa za UV (miale ya urujuanimno inayoua vimelea) za kufunga ukutani, na sanduku la plastiki angavu la kumfunika mgonjwa kichwa wakati wa kumwekea mrija wa kupumulia. Dirisha halikuwa na profoma, maana dirisha halina wakala wa kuliuza.

Niliomba siku tatu. Yanayofuata ni maelezo niliyomrudishia, nimeyanyoosha kidogo na kuongeza majibu ya maswali niliyoulizwa baadaye na wenzangu wa hospitali nyingine. Nimelinganisha kwa macho ya muuguzi wa kinga na udhibiti wa maambukizi katika hospitali ya ngazi ya wilaya, hapa Tanzania: kifua kikuu ndicho mgeni wetu wa kila wiki, umeme hukatika, mtaalamu wa usingizi ni mmoja. Wa Muhimbili au Kenyatta atakuwa na hesabu nyingine, ingawa si nyingine kabisa.

Kwanza, kazi ipi ndiyo ya hatari?

Sote tumefundishwa ile orodha ya kazi zinazorusha chembe hewani: kuweka mrija kooni, kuutoa, kufyonza makohozi, kutoboa koo, bronkoskopia (kuingiza kamera kwenye njia ya hewa), kumvutisha mgonjwa mvuke wa chumvi ili atoe makohozi, kukandamiza kifua moyo unaposimama, kuchimba jino kwa mashine. Sehemu kubwa ya orodha hiyo ilitokana na mlipuko wa ugonjwa wa mapafu wa SARS wa mwaka 2003, ambapo wahudumu wengi waliugua, hasa Toronto na Hong Kong. Mapitio ya tafiti yaliyotoka mwaka 2012 yalikuta kwamba waliohusika na kuweka mrija walikuwa na uwezekano wa kuambukizwa mara 6.6 ya wenzao.

Kisha mwaka 2020 watafiti wa Bristol, Uingereza, wakaingia thieta na vipimo vyao na kuhesabu chembe zenyewe. Wakakuta kuweka mrija kwa mgonjwa aliyelazwa usingizi kunatoa chembe chache mno ukilinganisha na kikohozi kimoja tu cha kawaida. Kuutoa mrija kulitoa zaidi kuliko kuuweka, kwa sababu mgonjwa akiamka hukohoa.

Je, hizi habari mbili zinagongana? Naona hazigongani. Aliyeweka mrija mwaka 2003 alikuwa ameinama sentimita chache juu ya mgonjwa mahututi anayekohoa, kwa haraka, chumba kimejaa watu, na barakoa haijulikani kama imebana. Mrija ulilaumiwa kwa kosa la kikohozi. Kwa hiyo ukitafuta mahali pa hatari katika hospitali yetu, usianzie thieta. Anzia pale mgonjwa anapoambiwa "kohoa kutoka ndani kabisa, uteme humu", na mara nyingi pale ni kona ya chumba chenye dirisha moja lililofungwa.

Hapo ndipo nilipopata kipimo changu cha kuchagulia. Uliza: wakati wa kazi hii, pua yangu iko umbali gani na mdomo wa mgonjwa? Ukiwa karibu kiasi cha kumnusa pumzi, dirisha litakusaidia kidogo tu. Chembe zinakufikia kabla upepo haujazichukua, na kinga yako ni kile ulichovaa usoni. Ukiwa upande wa pili wa chumba, au ukiingia nusu saa baadaye kupiga deki, kinga yako ni hewa ya chumba, na barakoa inakuwa nyongeza. Vifaa vyote vinavyofuata nimevipanga kwa swali hilo.

Barakoa ya upasuaji na N95

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Barakoa ya upasuaji ilitengenezwa kumkinga mgonjwa aliye mezani dhidi ya matone ya kinywa cha daktari, na kumkinga daktari dhidi ya damu inayoruka. Kwa kazi hizo ni nzuri. Ila haibani. Vaa moja, vuta pumzi kwa nguvu, halafu weka kiganja kando ya shavu: hewa inapita pembeni. Kitambaa hata kikiwa bora kiasi gani, hewa hutafuta njia nyepesi, na njia nyepesi ni ule mwanya wa shavuni.

N95 huchuja angalau asilimia 95 ya chembe ngumu kuliko zote kunasa, za takriban mikroni 0.3. FFP2 ya Ulaya ni asilimia 94, KN95 ya China ni 95, FFP3 ni 99. Tofauti hizo zisikunyime usingizi. Kinachotenganisha barakoa nzuri na mbaya ni kubana usoni. Mamlaka ya usalama kazini ya Marekani huipa N95 iliyopimwa ikakaa vizuri daraja la kinga 10, maana yake unachovuta kinapungua hadi sehemu moja ya kumi. Barakoa ya upasuaji haipewi daraja lolote.

Neno zito hapo ni "iliyopimwa". Nimeona katoni za N95 zikigawiwa kama karanga, saizi moja kwa wote, na wahudumu wembamba wa uso wakizikaza kwa kufunga fundo kwenye mkanda. Hiyo ni barakoa ya upasuaji ya bei ghali. Kipimo chenyewe si cha ajabu: mtu anavaa N95, anafunikwa kichwa kwa kofia ya plastiki, ndani inapulizwa sakarini au dawa chungu. Kabla ya hapo hupuliziwa bila barakoa, kuhakikisha ulimi wake unaisikia ladha. Kisha anapumua kawaida, anapumua kwa kina, anageuza kichwa kushoto na kulia, juu na chini, anazungumza, anainama. Akisikia utamu au uchungu huo, barakoa ile si yake. Ajaribu ya umbo lingine. Chupa za sakarini na kofia yake hugharimu kidogo kuliko N95 zinazotupwa bure.

Ndevu ni suala lenyewe. N95 haibani juu ya ndevu, hata za siku mbili tatu. Mwenzetu anayefuga ndevu kwa sababu za dini asiambiwe anyoe au aondoke. Apangiwe kazi nyingine, au apatiwe kofia yenye feni nitakayoieleza mbele.

Mtu atasema: mbona kuna utafiti uliosema hazina tofauti? Upo. Ulichapishwa mwaka 2022, ukahusisha wahudumu 1,009 wa Canada, Israeli, Pakistani na Misri. Waliovaa barakoa ya upasuaji walipata Uviko asilimia 10.5, waliovaa N95 asilimia 9.3. Wengi waliishia kusoma mstari huo. Lakini utafiti ule ulikuwa wa huduma za kawaida wodini, wahudumu wale walikuwa wakipanda basi na kukaa na familia zao kama sisi, na hata waliopangiwa barakoa ya upasuaji waliruhusiwa kuchukua N95 pale walipoona hatari. Pia ukubwa wake haukutosha kukanusha kwamba N95 inakinga zaidi kwa kiwango cha maana. Kwa muuguzi anayepima presha, naukubali. Kwa anayemvutisha mgonjwa wa TB sugu mvuke wa chumvi, nisingemwonyesha karatasi hiyo.

Barakoa ya kitambaa tuiache nje kabisa ya hospitali. Wahudumu wa Hanoi walijaribiwa nazo, matokeo yakatoka mwaka 2015, na waliovaa kitambaa waliugua mafua zaidi ya waliovaa za upasuaji.

Kuna mahali pamoja ambapo ningechagua barakoa ya upasuaji mbele ya N95 bila kusita: usoni pa mgonjwa. Huko eMalahleni, Afrika Kusini, hewa ya wodi ya wagonjwa wa TB sugu ilipelekwa kwenye mabanda mawili ya simbilisi. Siku ambazo wagonjwa walivaa barakoa za kawaida hewa ilielekezwa banda moja, siku ambazo hawakuvaa ikaelekezwa la pili. Kati ya simbilisi 90 wa kila banda, waliambukizwa 69 wa banda la wasiovaa, na 36 wa banda la waliovaa. Watafiti walikokotoa kwamba hatari ya maambukizi ilishuka kwa asilimia 56, kwa barakoa ya bei ya pipi. Mpe mgonjwa anayekohoa tangu mlangoni, kabla hajakaa kwenye benchi na wenzake.

Kuhusu kurudia kuvaa N95: tunarudia, tusidanganyane. Basi irudiwe kwa adabu. Mfuko wa karatasi wenye jina, si wa plastiki, ili ikauke. Kikomo ambacho CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, ilikitaja wakati wa uhaba ni kuivaa mara tano, na hata kabla ya hapo itupwe ikilowa, ikichafuka damu au mkanda ukilegea. Usiifue kwa sabuni wala kuipuliza spiriti. Chujio lake hunasa chembe kwa chaji ya umeme iliyomo kwenye nyuzi, na spiriti huifuta chaji hiyo. Kwa macho utaiona nzima, lakini imekwisha kazi.

N95, barakoa ya mpira, na kofia yenye feni

Barakoa ya mpira yenye machujio mawili mashavuni, ile ambayo mafundi rangi huvaa, inaoshwa na kutumika miaka. Machujio ya daraja la P100 hunasa asilimia 99.97. Kwa hospitali inayohangaika na uagizaji kila robo mwaka, nadhani hatujaipa heshima yake: unanunua mara moja kwa kila mhudumu wa kitengo cha TB, kisha unabadilisha machujio tu. Kasoro zake ni za kibinadamu. Sauti inazibwa, mgonjwa haelewi unachomwambia, na watoto hulia wakiiona. Tena nyingi zina vali inayotoa pumzi yako bila kuchujwa, kwa hiyo juu ya kidonda kilichofunguliwa haifai.

Kofia yenye feni na betri kiunoni husukuma hewa iliyochujwa hadi usoni. Haihitaji kubana, hivyo ndevu si tatizo, na daraja lake la kinga ni 25 kwa zile za kofia iliyolegea. Ni raha kuivaa saa tatu mfululizo. Ila ukiwa nayo stetoskopu haisikiki vizuri, betri lazima ichajiwe, na ikiharibika utasubiri kipuri. Moja au mbili kwa ajili ya bronkoskopia na kutoboa koo, katika hospitali ya rufaa, sawa. Wilayani zitaishia kabatini.

Dirisha, feni na kiyoyozi

Hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, ilijengwa na Wajerumani mwaka 1897, ikiangalia bahari: dari ndefu, veranda pana, madirisha pande zote. Robert Koch, aliyetangaza kimelea cha kifua kikuu mwaka 1882, alifanya kazi mjini humo mwaka huo wa 1897. Wajenzi wale walikuwa wakikimbia joto, lakini waliacha kitu ambacho majengo yetu mapya ya dari fupi na vioo vya aluminiamu yamekipoteza.

Si hisia za mpenda majengo ya kale. Mwaka 2007 watafiti walipima hospitali nane za Lima, Peru. Vyumba vilivyojengwa kabla ya mwaka 1950, madirisha na milango yakiwa wazi, hewa yote ya chumba ilibadilika mara 40 kwa saa. Vya kisasa, navyo vikiwa wazi, mara 17. Vyumba vya kutengea vyenye mitambo walivikadiria mara 12, kiwango kinachopendekezwa. Kisha wakakokotoa: mtu akikaa saa 24 na mgonjwa wa TB asiyetibiwa, hatari ya kuambukizwa ni asilimia 39 kwenye chumba cha mtambo, 33 kwenye cha kisasa cha madirisha, na 11 kwenye cha kizamani. Dirisha la bibi liliushinda mtambo wa mhandisi.

Unaweza kukadiria chumba chako mwenyewe. Chukua eneo la uwazi mdogo kati ya pande mbili zinazotazamana, kwa mita za mraba, zidisha kwa kasi ya upepo kwa mita kwa sekunde, zidisha kwa 0.65, zidisha kwa 3,600, gawanya kwa ujazo wa chumba. Chumba cha mita 5 kwa 4 kwa 3 kina mita za ujazo 60. Madirisha mawili yanayotazamana, uwazi wa mita moja ya mraba kila upande, upepo mwepesi wa mita moja kwa sekunde: hewa inabadilika mara 39 kwa saa. Weka wavu wa mbu, gawa kwa mbili. Sasa ziba dirisha la upande mmoja. Badala ya 0.65, kanuni ya WHO inatumia 0.05, na hesabu inaanguka hadi mara 3. Ukuta uleule, upepo uleule; kilichopungua ni tundu la pili.

Ndiyo maana nasema fundi anayetoboa dirisha la pili ni mtu wa kinga ya maambukizi kuliko wengi wenye vyeti.

Kubadilika kwa hewa kunaamua pia muda wa kusubiri. Mgonjwa akishatoka, hewa huhitaji muda huu ili asilimia 99 ya chembe ziondoke:

| Hewa hubadilika kwa saa | Subiri dakika |
|---|---|
| mara 2 | 138 |
| mara 6 | 46 |
| mara 12 | 23 |
| mara 20 | 14 |

Mhudumu wa usafi anayeingia dakika tano baada ya mgonjwa kutoa makohozi kwenye chumba cha mstari wa kwanza, bila barakoa, ndiye tunayemsahau kila tunapoandika orodha ya wanaostahili N95.

Dirisha lina madhaifu, na nisiyafiche. Upepo hauajiriwi. Pwani kusi na kaskazi hufanya kazi yao, lakini zipo wiki za katikati ambapo hakuna jani linalotikisika, na chumba kilichopangwa kwa kusi kinaweza kuvutia hewa wodini kaskazi inapovuma. Usiku ndugu hufunga, "baridi itampiga kifua", na Njombe au Mbulu mwezi wa saba siwezi kuwalaumu. Hapo feni ya kuvuta hewa nje, iliyofungwa ukutani upande wa mgonjwa, inaziba pengo kwa bei ndogo, mradi kuwe na mahali pa hewa safi kuingilia upande wa mhudumu. Feni ya mezani nayo husaidia ikiwekwa nyuma ya mhudumu, ipulize kuelekea kwa mgonjwa na dirishani. Ikiwekwa nyuma ya mgonjwa ili apate upepo, kama tunavyofanya kwa wema, inampulizia muuguzi kila kinachotoka.

Kujua hewa inakwenda wapi, washa udi. Kijiti kimoja, kishike pale mdomo wa mgonjwa utakapokuwa, uangalie moshi. Katika chumba chetu kimoja moshi ulizunguka dari ukateremka moja kwa moja kwenye kiti cha muuguzi. Tulihamisha meza. Hiyo haikuhitaji profoma.

Kiyoyozi cha ukutani ndicho kinachodanganya watu wengi kuliko vyote. Kile cha kawaida, chenye kipande ndani na kipande nje, hakiingizi hewa mpya hata kidogo. Kinaizungusha na kuipoza ileile. Chumba cha meno kilichofungwa madirisha ili kiyoyozi kifanye kazi ni chumba kibaya kuliko kile kisicho na kiyoyozi.

Taa za UV au mashine ya kuchuja

Hivi viwili ni kwa ajili ya chumba ambacho hakiwezi kupata dirisha la kutosha. Vyote husafisha hewa iliyomo, sawa na kuongeza hewa safi, bila kuleta hewa kutoka nje.

Taa za UV zinazofungwa juu humulika ile sehemu ya hewa iliyo juu ya vichwa vya watu, kuanzia kama mita 2.1, na kuua vimelea vinavyopanda na joto. Ushahidi wake ni wa zamani na ni mzuri: Baltimore, mwishoni mwa miaka ya 1950, simbilisi waliovuta hewa ya wodi ya TB waliambukizwa, na wale ambao hewa yao ilimulikwa kwanza hawakuambukizwa. Lima, mwaka 2009, walioambukizwa walikuwa asilimia 35 bila taa na 9.5 palipokuwa na taa. eMalahleni nako taa zilipunguza maambukizi kwa takriban asilimia 80. Hazina kelele na hula umeme kidogo.

Lakini zinataka dari ndefu, zinataka feni ya dari ya kuchanganya hewa, zinataka kufutwa vumbi, na balbu hufifia kabla haijazimika, hivyo bila kipima miale utaona mwanga wa buluu na kudhani unalindwa. Zikielekezwa vibaya huunguza macho na ngozi. Tena kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji wakija pwani: unyevu wa hewa ukizidi asilimia 70, nguvu ya taa hupungua. Tanga, Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam, unyevu huo ni wa siku nyingi za mwaka. Hazikosi faida, ila usizipigie hesabu ya Lima. Arusha au Mbeya wakati wa kiangazi, ningezichukua mbele ya mashine.

Mashine ya kuchuja yenye chujio la HEPA ni rahisi kuielewa: inavuta, inachuja asilimia 99.97, inatoa. Soma kwenye kibandiko inasafisha mita za ujazo ngapi kwa saa, gawanya kwa ujazo wa chumba. Mashine ya mita 300 kwenye chumba chetu cha mita 60 inatoa mara 5. Kwa thieta ndogo isiyo na dirisha au chumba cha meno, inafaa. Shida ni kwamba namba hiyo ni ya kasi ya juu, na kasi ya juu ina kelele, kwa hiyo baada ya wiki utaikuta imewekwa ya chini. Inahitaji machujio ya kubadilisha, na umeme ukikatika inakuwa stuli. Na LUKU, umeme wa kulipia kabla, ni ya nani? Uliza kabla ya kununua.

Sanduku la plastiki

Hili nitalimaliza haraka. Lilibuniwa na daktari wa usingizi wa Taiwan, Hsien-Yung Lai, mapema mwaka 2020, kwa nia njema kabisa, wakati watu hawana vifaa. Likaenea duniani, na vijana wengi wakayatengeneza kwa akriliki na kuyagawa bure. Marekani iliyaruhusu kwa dharura mwezi Mei 2020, na kufikia Agosti ikafuta ruhusa kwa yasiyo na mfumo wa kunyonya hewa. Majaribio yaliyofanywa Australia yalionyesha kwamba kuweka mrija kulichukua muda mrefu zaidi, gauni zilichanika kwenye matundu ya mikono, na chembe zilizomfikia daktari mbele ya sanduku ziliweza kuzidi zile za bila sanduku. Mgonjwa anayekosa oksijeni hana sekunde za kukupa.

Kama unataka kitu cha kusaidia wakati wa mrija, fedha hiyohiyo inunue machujio ya kuweka kati ya barakoa ya oksijeni na mfuko wa kumpumulishia mgonjwa. Na ipo njia isiyo na gharama: dawa ya kulegeza misuli ipewe muda wa kufanya kazi ili mgonjwa asikohoe, aweke mrija yule mwenye mkono uliozoea kuliko wote, na asiyehitajika atoke nje.

Ningechaguaje

Zahanati: usinunue kitu cha umeme. Makohozi yatolewe nje, chini ya mti au kibanda kisicho na kuta, mgonjwa akiwa peke yake na upepo ukipeleka pumzi yake mbali na watu. Boksi la barakoa za upasuaji liwe mlangoni kwa wanaokohoa. N95 chache, zilizopimwa, kwa mhudumu au wawili wanaohusika.

Hospitali ya wilaya kama yetu: N95 za maumbo mawili au matatu pamoja na kifaa cha sakarini, kwa wale tu ambao pua zao zinakaribia midomo ya wagonjwa, wakiwemo wa maabara wanaofungua makopo ya makohozi na mhudumu wa usafi wa chumba kile. Hapo hapo, dirisha la pili. Nikilazimishwa kuchagua kimoja kati ya viwili hivyo, nachagua dirisha kwa chumba cha makohozi na N95 kwa thieta, na nalijua hilo si jibu la "kimoja". Hewa ikitoka mara 2 kwenda mara 12 kwa saa, chembe chumbani hushuka hadi sehemu moja ya sita kwa kila mtu aliyemo, hata mama anayemshika mwanawe mkono bila barakoa yoyote. N95 inamkinga aliyeivaa peke yake, ila inamkinga mahali ambapo dirisha haliwezi kufika.

Hospitali ya rufaa yenye bronkoskopia: mashine ya HEPA au mtambo wa kuvuta hewa wenye uangalizi, barakoa za mpira kwa timu ya kudumu, kofia ya feni kwa mwenye ndevu. Taa za UV kwa wodi ya TB sugu ya nyanda za juu.

Mganga mfawidhi alisoma, akauliza kwa nini mhudumu wa usafi apewe N95 wakati madaktari wa wodi ya kawaida hawapewi. Nilimpeleka kwenye chumba cha makohozi dakika tano baada ya mgonjwa kutoka, madirisha yamefungwa, nikamwambia asubiri humo tukiongea. Hakukaa. Alisaini N95 na chupa za sakarini; fundi wa dirisha alilipwa kutoka fungu la matengenezo. Taa tumeiandika bajeti ijayo, kwa sharti kwamba kipima miale kiwe kwenye profoma hiyohiyo.